Mahari ya Klabu

Vulamba, Butembo
Jumapili, baada ya ibada ya asubuhi

Kwa ndugu yangu mkubwa, Yaya Kitsa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, wewe pamoja na mtoto wako anayekutunza huko Kampala, mke wake na wajukuu. Tumesikia kwamba daktari amekuondolea plasta na kwamba sasa unatembea kwa fimbo. Tumefurahi sana. Lakini tumesikia pia kwamba hukubali kukaa, kwamba kila asubuhi unataka kupelekwa sokoni kuona bei ya viazi, na kwamba umemwambia muuguzi kuwa watu wa Alimbongo hawalali mchana. Nakuomba ulale mchana. Mfupa unahitaji muda, na wewe si kijana tena.

Sisi huku ni wazima. Papa Tamar amepona kile kikohozi kilichomsumbua tangu mvua zilipoanza. Cherehani zangu hazipumziki, kwa sababu shule zinakaribia kufunguliwa na wazazi wa Vulamba hukumbuka sare wiki ya mwisho, kama kawaida yao. Wifi yangu, mke wako, alifika hapa wiki iliyopita akiwa na afya nzuri. Anasema viazi vimetoka vizuri, na kwamba baridi ya Alimbongo mwaka huu ni kali kiasi cha kumfanya alale na makoti mawili.

Nakuandikia barua, wala sikupigii simu, kwa sababu kwenye simu wewe hujibu kabla mtu hajamaliza kusema. Barua hii utaisoma mpaka mwisho. Nimempa mama mmoja anayekwenda Kampala kuleta vitambaa, naye ameahidi kukukabidhi mkononi.

Neno lenyewe ni hili: binti yetu Tamar ameposwa. Kijana anaitwa Ézéchias Sikuli, wa Bungulu, huko Beni. Kazi yake ni kufunga umeme wa jua na kutengeneza vipaza sauti. Ni mtu wa kanisa, hanywi pombe, na anafika mahali saa ile aliyosema atafika. Ni mfupi. Tamar anamzidi kichwa kizima, na watoto wa mtaa wetu wamekwisha kuwapa jina, wanawaita Antena na Redio. Yeye Ézéchias hucheka kabla yao. Sisi tumempenda, na Tamar alimpenda kabla yetu. Lakini posa hiyo ilikaribia kuvunjika, na kilichotaka kuivunja ni wale mbuzi wa klabu. Wewe ulikuwepo siku walipofika, ila hukuona yaliyofuata. Kwa hiyo nitayaeleza yote kwa utaratibu, hata yale unayoyajua, ili uone jinsi jambo moja lilivyozaa lingine.

Unakumbuka jinsi Tamar alivyokua. Kila muhula nilikuwa naongeza kitambaa kwenye sketi yake ya shule, na mwisho wake sketi ilikuwa na rangi tatu za bluu. Wenzake walimwita Poteau, kama nguzo ya umeme, naye alitembea ameinamisha mabega ili asionekane. Kisha walimu wakampeleka kwenye kiwanja cha basketi, kile cha udongo nyuma ya shule, na huko mabega yakanyooka. Sikupenda. Nilisema mbele ya wote kwamba msichana hakuumbwa kuruka mbele ya umati akiwa amevaa kaptura. Nilipoona kwamba hataacha, nilimshonea kaptura inayofika chini ya magoti, na mwalimu wake akaniomba niwashonee na wengine, maana zile za dukani zilikuwa zinawabana.

Ndipo akaja Bwana Maliro, yule mnunuzi wa kakao wa Beni. Alikuwa ameanzisha klabu ya wanawake, Mapambazuko, na alitaka kuwa mtu wa kwanza upande wetu kuwaajiri wasichana kwa mkataba, wacheze basketi na kulipwa mwisho wa mwezi kama walimu na wauguzi. Angewapa nyumba Bungulu, na mama wa kuwaangalia. Papa Tamar hakuelewa. Alimwuliza mara ya kwanza, akamwuliza tena: “Banalipa mutu juu ya kucheza?” Maliro akamjibu kwa heshima kwamba watu wanalipwa kwa kuimba, na wengine wanalipwa kwa kuzungumza redioni wakiwa wamekaa kitini. “Huyu, Papa, atatoka jasho.”

Karatasi zilikuwa mezani, kalamu ilikuwa mkononi mwa Papa Tamar, na hapo ndipo wewe ulipoinuka, Yaya. Ulikuwa umetoka Alimbongo asubuhi ile, umevaa lile koti lako zito, nawe ulisema kwamba katika ukoo wetu haijatokea msichana akatoka kwao kwa karatasi tupu. Maneno yako nayakumbuka: “Hatutoshe mutoto mu nyumba na karatasi tu. Mbuzi iko wapi?” Watu walicheka, lakini wewe hukucheka. Ulieleza kwamba mtu anayekuja kuchukua binti, akamweka kwenye nyumba yake, akamlisha, akampangia saa ya kulala na kuamka, ni lazima aje kwa wazazi wake kwa mikono iliyojaa, na mjomba asisahauliwe. Bwana Maliro ni Munande kama sisi, mila zetu anazijua. Alishika kidevu, akafikiri, akasema una haki. Alirudi Beni bila sahihi yoyote.

Juma lililofuata alikuja na mbuzi. Unajua mwenyewe jinsi walivyokuwa: wamepigwa brashi, wana utepe shingoni, wamesimama nyuma ya gari kama wageni wa heshima. Watatu wakaingia kwa Papa Tamar. Mmoja, yule jike wa kahawia, ukakabidhiwa wewe kamba yake kama mjomba, ukaondoka naye siku ile ile ukiwa umefurahi kuliko sisi sote. Papa Tamar akatia sahihi, Tamar akaingia garini na sanduku lake, na mimi nikalia kidogo jikoni.

Hilo ndilo kosa letu, na hakuna aliyeliona. Sisi wa Vulamba tulijua kwamba klabu imekuja kumwajiri mtoto. Lakini watu wa Bungulu waliona nini? Walimwona Maliro, mtu mzima, amevaa suti, anapakia mbuzi wenye utepe mchana kweupe, anakwenda nao Butembo, na jioni anarudi na msichana mrefu mwenye sanduku. Wewe ungesema nini, Yaya, kama ungekuwa umesimama mlangoni kwako?

Habari hiyo ilimfikia mke wa Maliro, Mama Christa, aliyekuwa Kasindi kwa shughuli zake. Alirudi Beni, akavaa kitenge kipya, akaenda moja kwa moja kiwanjani wakati wa mazoezi. Tamar mwenyewe alinisimulia. Mama Christa alipita katikati ya wasichana, akawaangalia mmoja mmoja, akasimama mbele yake, akainua kichwa ili amwone uso, akamwuliza: “Njo wewe mudogo wangu?” Yaani kama ndiye mke mwenzake. Tamar alikuwa na mpira mkononi na jasho usoni. Alimjibu: “Mama, mimi niko mucheza basketi. Bwana yako ananilipa juu ya mupira. Siku atakosa kunilipa, nitakuja kwako unisemee.” Mama Christa alitazama mpira, akatazama viatu vya Tamar vilivyopasuka pembeni, akaomba kiti. Alikaa mpaka mazoezi yakaisha. Kesho yake alileta ndizi na maji ya kunywa, na tangu siku hiyo hakukosa. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa anampigia mumewe kelele kwamba wachezaji hawali vizuri, na kwamba mtu hawezi kuruka akiwa ameshiba majani ya sombe peke yake.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, kwa sababu hukupata kuiona. Mimi na Papa Tamar tulikwenda Beni wakati barabara ilikuwa tulivu, kutazama mchezo wao na timu ya Bunia. Nilikwenda kwa ajili ya kukagua, sikwenda kufurahi. Nilitaka kuona analala wapi, anasali wapi, na kama kaptura yangu ameikata. Hakuikata. Kiwanja kilikuwa cha saruji, watu wamekaa kwenye ukuta, kwenye mapipa, wengine juu ya paa la darasa. Joto la Beni unalijua. Papa Tamar alifungua vifungo vyote vya koti lakini hakulivua.

Nilidhani kwamba mchezaji anayelipwa ni yule anayetia mpira kikapuni. Tamar hakuwa hivyo. Alitia mara chache sana. Kazi yake ilikuwa kusimama chini ya kikapu kati ya wasichana wengine wakubwa, kusukumana nao kwa mgongo na viuno, na kungoja mpira wa wenzake au wa wapinzani ukose, ugonge chuma, uanguke. Hapo ndipo aliporuka. Kila mpira uliokosa njia ulikuwa wake. Akishaushika, alikuwa anageuka na kumpa msichana mdogo mwenye mbio, naye anakwenda kufunga, na watu wanashangilia yule mdogo. Hakuna aliyeimba jina la Tamar kipindi cha kwanza. Kulikuwa na bwana mmoja nyuma yetu aliyekuwa anapiga kelele: “Poteau, ruka basi! Bananilipisha kuangalia muti!” Papa Tamar aligeuka, akamwambia kwa upole kwamba huo muti ni mtoto wake. Bwana yule akaomba radhi, akatupa karanga.

Kipindi cha mwisho Bunia walikuwa wanaongoza kidogo. Mpira ukakosa, ukagonga chuma, ukaruka juu, na wasichana watatu wa Bunia wakaruka kwa pamoja. Tamar akaruka nyuma yao. Sijui nieleze vipi, Yaya. Mimi niliyemzaa sikujua kwamba anaweza kubaki angani namna ile. Aliuchukua mpira juu ya vichwa vyao kwa mkono mmoja, akaanguka, akainuka nao, na safari hii hakumpa mtu. Aliuweka kikapuni mwenyewe. Umati ukasimama, ukaita “Poteau! Poteau!”, na lile jina nililolichukia tangu alipokuwa shuleni lilinipendeza. Nilijikuta nimesimama juu ya benchi. Mimi, ambaye huwanyamazisha vijana kanisani. Papa Tamar alinishika sketi nisianguke.

Baada ya mchezo kijana mmoja mfupi alikuja kutusalimu, ana nyaya shingoni. Ndiye alikuwa anasimamia vipaza sauti. Aliniuliza kama ni mimi niliyeshona zile kaptura, maana Tamar alimwambia kwamba hazipasuki. Sikumtilia maanani. Leo najua kwamba hakuja kuuliza habari za kaptura.

Tamar alicheza hivyo msimu mzima na sehemu ya msimu wa pili. Walifika hadi Kampala, kama unavyokumbuka, mtoto wako alikwenda kuwatazama. Kisha mambo yakaharibika, si kwa kosa la mtu wa klabu. Barabara zilianza kufungwa mara kwa mara, timu za nje zikakataa kuja, kakao ikakaa ghalani. Maliro alijaribu. Mwishowe aliwaita wasichana wote kiwanjani, pamoja na Mama Christa, akawaambia waziwazi kwamba hawezi tena, na kwamba hataki kuwadanganya mpaka waondoke kwa hasira. Aliwasindikiza mmoja mmoja hadi kwao. Maliro mwenyewe alimleta Tamar, akaingia, akanywa chai, akamshukuru Papa Tamar. Tulipika, tukaomba pamoja. Sikuona aibu yoyote katika jambo lile.

Lakini mtaa ni mtaa. Wanawake wawili watatu pale kisimani walianza kusema kwamba bibi ya basketi amerudishwa kwao, kama mke aliyeachika. Tamar aliwacheka. Alipata kazi ya kufundisha mazoezi shuleni, na jioni akakusanya wasichana wa Vulamba kwenye kile kiwanja cha udongo. Ézéchias alikuwa anakuja Jumapili kwa Jumapili, hata barabara ikiwa mbaya. Basi tukajua.

Ndipo Ézéchias alipokwenda kwa baba yake, Mzee Melchior Sikuli, kumwomba apeleke posa. Mzee Melchior ni mzee wa kanisa huko Bungulu. Ni mtu mnyofu na mgumu, na nakwambia ukweli, amenikumbusha baba yetu. Alisikiliza jina la msichana, kisha akasema hapana. Alisema yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni siku gari la Maliro lilipopita na mbuzi wenye utepe. “Sitamuolea mutoto wangu bibi ya mutu,” akasema. Ézéchias akamweleza kwamba alikuwa kiwanjani kila mchezo, kwamba anajua mkataba ulikuwa wa nini, kwamba Mama Christa mwenyewe anaweza kutoa ushahidi. Mzee akamjibu kwamba hamtukani msichana na hana shaka na mwenendo wake. Aliuliza jambo moja tu: “Mbuzi ziliingia mu nyumba yabo, ao hazikuingia?” Waliingia. Basi, akasema, msichana ambaye mbuzi wameingia kwa ajili yake na hawajatoka ana mwenyewe.

Ézéchias alikuja kutuambia hayo huku anatazama chini. Tamar aliondoka sebuleni, akachukua mpira, na tukausikia ukipiga ukuta wa nyuma mpaka chakula kikapoa. Alipoingia aliniambia: “Mama, balinilipa juu ya kucheza, sasa banasema balinioa?” Nilimpashia chakula. Kila mtu ana haki katika jambo hili, na mtoto wangu ndiye anayeumia.

Tulifanya yale ambayo watu wenye akili hufanya. Mimi na Papa Tamar tulikwenda Beni kwa Maliro, kumwomba apokee mbuzi badala ya wale wa kwanza, mbele ya mashahidi, jambo lifungwe. Alitupokea vizuri mno, lakini aliposikia neno hilo alisimama. Alisema hawezi. Si kwa kiburi. Alisema: “Mama Tamar, nikipokea mbuzi, nitakuwa nimekubali kama nilikuwa bwana yake. Nitamuangalia namna gani Mama Christa? Nitamuangalia namna gani huyu mutoto?” Nilipofikiri, niliona kwamba amesema kweli. Mume ndiye anayerudishiwa mbuzi. Wakibaki kwetu, Tamar ni mke wa mtu. Wakirudi kwake, Tamar alikuwa mke wa mtu. Papa Tamar alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Aliyetutoa ni Mama Christa. Alikuwa ameketi pembeni anachambua maharage. Alisema bila kuinua kichwa kwamba sisi wote tumesahau mtu mwingine anayepewa mbuzi. “Mwenye kulea mutoto banamupatiaka mbuzi siku ya mahari. Bwana ya mutu habamupatiake.” Akaeleza kwamba Tamar alikaa kwao, akala kwao, aliugua malaria na yeye ndiye aliyekesha naye. Basi siku ya mahari Maliro akae upande wa baba, apewe kamba ya mbuzi kama mlezi, mbele ya macho ya Mzee Melchior. Hakuna mwanamume anayepewa mbuzi wa malezi kwa ajili ya mke wake. Maliro alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nilimkumbatia yule mwanamke pamoja na maharage yake.

Mzee Melchior alipopelekewa neno hilo alikaa nalo siku kadhaa. Kisha akakubali, lakini akaweka sharti. Mbuzi huyo asinunuliwe sokoni. Mbuzi wa sokoni kila mtu anaweza kumnunua, naye hathibitishi lolote. Alitaka awe mmoja wa wale wale aliowaona wakipita, ili watu wa Bungulu waliowaona wakienda kama mahari wamwone mmoja akirudi kama shukrani ya malezi. Nilimwona ni mgumu, lakini sikuweza kusema kwamba amekosea.

Sasa, Yaya, umefika mahali ambapo nakuomba ukae kwenye kiti ikiwa umesimama.

Unajua kwamba mbuzi wa Papa Tamar hawapo tena. Wengine waliuzwa kwa ajili ya masomo ya wadogo zake Tamar, mmoja aliliwa Krismasi ukiwepo, na wewe ulikula paja. Katika wote aliyebaki hai alikuwa mmoja, naye alikuwa Alimbongo, kwenye zizi lako. Najua unavyompenda. Najua kwamba amezaa mapacha kwa mfululizo na kwamba unamwita Madame. Najua pia sheria yetu, kwamba mbuzi wa mjomba harudi hata nyumba ikivunjika, na najua kwamba kama ningekupigia simu ungenijibu kwa sheria hiyo, na ungekuwa sahihi, na Tamar angezeekea hapa.

Sikukupigia simu. Nilikwenda Alimbongo.

Nilimweleza wifi yangu jambo lote tangu mwanzo, tukiwa tumekaa karibu na moto. Nilidhani nitamsihi siku nzima. Alisikiliza, akaniuliza kama Tamar anampenda kweli yule kijana mfupi. Nikasema ndiyo. Akainuka, akaenda zizini, akarudi na kamba. Alisema kwamba Madame huyo amemlia kabichi zake misimu yote, kwamba wewe humtetea mbuzi kuliko mke, na kwamba ikiwa kuna siku ya kumtoa nje ya shamba kwa heshima, ndiyo hiyo. Tulishuka naye Butembo juu ya lori la viazi, wifi yangu amekaa mbele, na mimi nyuma nimemshika mbuzi, mimi mwenye kitambaa cha kanisa kichwani.

Mahari ilitolewa jana. Maliro alikaa kwenye benchi la akina baba, kati ya Papa Tamar na mzee wa ukoo, amevaa ile ile suti. Papa Tamar alimkabidhi kamba, akasema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake kwamba huyu ndiye aliyemlea mtoto wetu alipokuwa mbali, na kwamba tunamshukuru kwa kumtunza na kumrudisha mzima. Maliro alipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa lugha yetu, “Wasingya,” akageuka kumtazama mkewe. Mama Christa ndiye aliyemalizia. Alisema kwamba mtu wa kwanza ambaye nyumba yao ilimlipa ili acheze alitoka hapa, na kwamba yeye mwenyewe alikwenda kiwanjani kumfukuza, akapata binti. Watu walicheka na kupiga vigelegele. Mzee Melchior aliinuka, akamzunguka mbuzi, akamtazama meno, akauliza ametoka wapi. Wifi yangu akamjibu kutoka katikati ya wanawake: “Ametoka kwa muyomba, Alimbongo. Minamuleta mwenyewe.” Mzee akasema basi, sasa msichana ni wa wazazi wake. Akafungua mlango wa uani, na mbuzi wa Sikuli wakaingia.

Usiku Tamar alinisaidia kukusanya viti. Nilimwuliza kama anasikitika kwamba kazi ile ilikuwa fupi hivyo, na kwamba mpaka leo tunaizungumzia kwa ajili ya mbuzi tu. Alisema kwamba wasichana anaowafundisha jioni hawamwulizi habari za mbuzi. Wanamwuliza kama ni kweli walikuwa wanamlipa. Naye huwajibu ndiyo, na wao huomba aseme tena.

Hayo ndiyo niliyotaka ujue, ndugu yangu, na sikuficha kitu. Mbuzi wako hakurudishwa, maana mbuzi wa mjomba harudishwi. Alitolewa, na aliyemtoa ni mimi. Binti zake wawili bado wako zizini, na yule mwenye doa usoni ana mimba. Wifi yangu usimgombeze, aliniambia yeye hakuogopi lakini mimi namwogopea.

Ndoa kanisani haijapangiwa siku. Mzee Melchior amesema hatamwongoza mtoto wake mbele ya mchungaji wakati mjomba wa msichana yuko nchi nyingine, na Tamar amesema vivyo hivyo kabla hajaulizwa. Kwa hiyo ulale mchana, mguu upone. Msalimie mtoto wako, mwambie asikuruhusu kupanda bodaboda. Papa Tamar anakusalimu, Tamar anakusalimu na kuomba radhi, Ézéchias anakusalimu ingawa hamjaonana, na anatetemeka.

Kasirika, Yaya, una haki. Lakini hasira hiyo usiimalizie Kampala. Uje nayo hapa, uiseme mbele yetu sote, tukiwa tumekuandalia chakula.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Kanyere, Mama Tamar